Ndege juu ya mawe: kwa nini majeti ya vita yanakaa makumbusho miaka na miaka bila kutengenezwa

Shemeji yangu ni fundi bodi Mwanza, zaidi ya miaka 20 ananyoosha Hiace na Noah zilizobamizwa, kwahiyo alipokuja kututembelea hapa Tucson, Arizona, sikuhangaika kuwaza pa kumpeleka. Mji wetu ni jangwa, ziwa hamna, bahari hamna, ila ndege za jeshi zilizostaafu zimejaa kuliko mahali popote duniani. Nikampeleka makumbusho ya Pima, pale wana ndege kama 400 kwenye ekari 80, nikajua ataganda kwenye SR-71, ile nyeusi ya ujasusi iliyokuwa inakimbia mara tatu ya sauti. Akaiangalia dakika mbili, akasema nzuri, akapita. Alipoganda ni kwenye uzio wa nyuma, kwenye majeti yaliyokaa bila pua, vioo vimezibwa, mahali pa injini ni tundu tu unaona upande wa pili, rangi imepauka mpaka namba hazisomeki.

"Shem, hizi ziko juu ya mawe?"

Nikamwambia zinasubiri kutengenezwa. Akauliza tangu lini, nkamwambia nyingine ni miaka mingi tu. Akacheka sana, akasema kumbe hata huku mafundi ni wale wale wa njoo Jumamosi.

Swali lake ni la haki na watu wengi wanauliza, kwamba nchi tajiri kama Marekani inashindwaje kupiga rangi ndege moja ikaisha? Wengi wanajibu "hela" wanamaliza. Hela imo, sikatai, ila ukishika hilo jibu moja hutaelewa kwa nini ndege nyingine imepata wafadhili na bado haiguswi, na nyingine haina hata senti ila imekamilika. Kuna mambo yamefungamana hapo, na la kwanza wala halionekani kwa macho, ni la karatasi.

Ila kabla ya karatasi nitenganishe vitu viwili maana kila mgeni anavichanganya. Ng'ambo ya barabara kutoka makumbusho kuna kambi ya Davis-Monthan, na ndani yake kuna ile sehemu maarufu ambayo watu wanaiita makaburi ya ndege. Ile ni ya jeshi la anga, inaendeshwa na kikosi cha 309, kwa kifupi AMARG, wameanza kuhifadhi ndege pale mwaka 1946 baada ya vita kuu ya pili. Sio makumbusho. Zamani makumbusho walikuwa wanapeleka watu kule kwa basi, korona ilipoingia 2020 ikasimama. Na jina la makaburi linapotosha, kwa sababu nyingi ya zile ndege hazijafa, zimelazwa. Ikifika inaoshwa, mafuta yanatolewa yanapitishwa mafuta mepesi ya kulainisha ili mabomba na pampu zisikauke, alafu matundu yote yanazibwa na sehemu za juu zinapakwa dawa nyeupe kama mpira ambayo inarudisha jua, kwahiyo ndani joto halipandi likapika nyaya. Ukitaka kuiamsha unaibandua hiyo dawa kama ganda.

Na zinaamshwa kweli. Mwaka 2015 ile B-52, dege la kudondosha mabomu, inayoitwa Ghost Rider, iliyokuwa imelala pale tangu 2008, ilirushwa ikarudi kazini, na 2019 ikafuata nyingine, Wise Guy. Kwahiyo jeshi linapokuwa na ndege imelala halina haraka ya kuigawa kwa makumbusho, inaweza ikahitajika. Nyingine zinahitajika kwa namna ya kuhuzunisha kidogo, Phantom nyingi za F-4, jeti za kivita za zamani, zilitolewa kule zikafungwa vifaa vya kuongozwa kwa rimoti zikawa droni za kulengwa kwa makombora, kazi hiyo ikaendelea mpaka mwisho wa 2016. Yaani kuna makumbusho mahali yalikuwa yanaililia Phantom moja ya kuweka getini, na jeshi linazipeleka zikapigwe angani. Na B-52 365 zilikatwakatwa miaka ya 90 kwa ajili ya mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia, walikuwa na lisu moja zito karibu tani 6 linaning'inizwa kwenye kreni linaachiwa, vipande vikaachwa nje vilale pale pale miezi mitatu ili satelaiti za Warusi zipite zihesabu. Shem alipenda hiyo sana. Alinifanya nirudie.

Sasa karatasi. Kwa Marekani ndege ya kivita ukiiona imesimama makumbusho, mara nyingi makumbusho hayo sio mwenye mali. Mwenye mali ni jeshi. Za jeshi la anga zinatolewa kwa mkopo na makumbusho yao ya taifa yaliyopo Dayton, Ohio, za jeshi la maji zina utaratibu wao kupitia Pensacola, Florida. Wewe unapewa ukae nayo, uitunze, kila mwaka upige picha utume kuonyesha iko hai, huruhusiwi kuirusha, huruhusiwi kuiuza, huruhusiwi kuchomoa kitu ukampa mwenzako bila ruhusa, na wakiona unaiacha ioze wanaichukua. Kwa lugha ya gereji ni kwamba gari liko uani kwako, unalifuta vumbi, unalinunulia betri, ila kadi iko kwa mjomba na mjomba ni mkali.

Hilo linabadilisha hesabu yote. Mtu anakuja na dola zake anataka kufadhili, anauliza itaruka? Haitaruka. Naweza kuandika jina la kampuni yangu ubavuni? Huwezi, rangi na alama zinafuata historia yake. Hapo wafadhili wengine wanapoa. Alafu kuna hofu ya kumwaga jasho kwenye kitu cha mwenzio, na hofu hiyo ina mfano wake, ile B-36 ya mwisho kutengenezwa. Hii B-36 ni dude la ajabu la kudondosha mabomu, mbawa zake toka ncha mpaka ncha ni mita 70, ina injini 10, sita za panga na nne za jeti, ilitoka kiwandani Fort Worth, Texas, mwaka 1954 na ikastaafu 1959 ikarudi hapo hapo Fort Worth. Wazee waliokuwa wanafanya kazi kiwandani, na wengine wa mji ule, wakaisugua na kuitengeneza miaka na miaka kwa kujitolea, ndoto yao ikiwa ijengewe nyumba pale pale ilipozaliwa. Nyumba haikupatikana. Mwenye kadi akaamua iende Tucson, ikafunguliwa vipande vipande ikapandishwa kwenye malori, kilomita kama 1,500, ikaja kuungwa upya Pima. Leo ipo, imesimama vizuri, na mtu wa Tucson kama mimi nafurahi kuwa nayo, ila kila nikipita chini ya bawa lake nawafikiria wale wazee wa Fort Worth.

Kali zaidi ni ya F-14, jeti ya kivita ya jeshi la maji. Hii ndege Marekani waliiuzia nchi moja tu ya nje, Iran ya wakati wa Shah, zikafika 79, alafu 1979 mapinduzi yakatokea na urafiki ukaisha ila ndege zikabaki kule. Iran ikawa inazirusha huku inatafuta spea kila kona ya dunia. Jeshi la maji la Marekani lilipozistaafisha za kwake 2006, ikaja kugundulika vipande vya ndege za ziada za serikali vinavuja kwa madalali, basi 2007 wakaanza kuzisaga F-14 zilizokuwa kule jangwani, zinasagwa kabisa zinakuwa chenga. Mwaka huo huo maofisa wa serikali wakaenda California wakakamata F-14 nne, zikiwemo zilizokuwa kwenye makumbusho ya uwanja wa Chino, kwa sababu hazikuwa zimepokonywa vifaa vya kijeshi inavyotakiwa kabla ya kutoka mikononi mwa jeshi. Makumbusho, yaani watu wa kuonyesha watoto wa shule! Tangu hapo F-14 inayosubiri kutengenezwa ina tabu ya peke yake, kifuniko kimoja kidogo kikikosekana huwezi kwenda dukani kwa vyuma chakavu, sheria inalikataza jeshi kuuza vile vipande mitaani, mara nyingi unabaki kukichonga mwenyewe kwa kuangalia picha.

Na kukosekana kwa vitu ndo jambo linalofuata. Ndege haifiki makumbusho ikiwa nzima, inafika imeshachinjwa. Kule AMARG sehemu kubwa ya kazi ni kuchomoa spea za kupelekea ndege zinazoruka bado, kwahiyo injini hutolewa, rada hutolewa, saa za dashibodi zimepungua, kioo kimeenda kwa mwingine, alafu linakuja zoezi la kuipokonya ujeshi, bunduki inakatwa, mitambo ya siri inang'olewa na mara nyingine inang'olewa kwa haraka, nyaya zinakatwa na mkasi zinaachwa zinaning'inia. Shem aliposikia hivyo akasema basi hiyo sio gari, hiyo ni bodi tupu. Ndiyo, ni bodi tupu. Fundi wa makumbusho anaanza na bodi tupu anatafuta pua kutoka jimbo lingine, mlango wa miguu kutoka kwa makumbusho wenzake ambao wana milango mitatu ya ziada ila hawana tairi, wanabadilishana. Hii biashara ya kubadilishana inakwenda kwa simu na kujuana zaidi ya kitu kingine, na inaweza kuchukua miaka mitano kupata kitu cha ukubwa wa sinia. Muda wote huo ndege inakaa nje inaonekana kama imetelekezwa, wakati kuna mzee ana orodha ofisini anapiga simu.

Halafu kuna vitu vya kuua. Hapa ndo watu huwa hawaamini.

Siti ya rubani kwenye jeti ya vita ina baruti na roketi chini yake, ya kumrusha nje ndege ikiharibika, na ile roketi haijui kwamba ndege imestaafu. Kwenye aina nyingine, Harrier kwa mfano, kile kioo cha juu chenyewe kimepitishiwa kamba nyembamba ya mlipuko ya kukivunja kabla siti haijatoka, unaiona kama mchoro wa kupinda pinda. Kwahiyo kabla mtu hajaingia hata kufagia, inatakiwa ithibitishwe kwamba kila ganda la baruti limetolewa na mtu anayejua, na karatasi iwepo. Ndege ikifika bila hiyo karatasi inafungwa, haiguswi. Kwenye F-16 kuna tenki dogo la haidrazini la kuendesha mtambo wa dharura, sumu kali, ukiivuta ni hospitali, kwahiyo hilo nalo lazima lithibitishwe limetolewa na mfumo umesafishwa.

Za zamani zaidi zina mambo ya kimya kimya. Zile saa za dashibodi zilizokuwa zinawaka gizani mpaka miaka ya 60 zilipakwa rangi ya radiamu. Leo haziwaki, mtu anadhani zimekufa, kumbe kilichokufa ni ile kemikali ya kuwaka tu, radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwahiyo saa imezima na mionzi iko pale pale, na rangi imekauka inapukutika unga. Ukiikwangua kwa kucha ukaenda kula, basi. Na ile rangi ya kijani-njano unayoiona ndani ya kila ndege ya zamani, ya kuzuia kutu, ni ya kromati, ukiipiga msasa vumbi lake linasababisha kansa. Mafundi bodi mliozoea kupiga msasa na kitambaa puani mnanisikia? Huku ni barakoa ya mashine, nguo za kutupa, maji ya kuoshea hayamwagwi kwenye mtaro. Kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki mbili na nusu ya bajeti inaishia kwenye kutupa uchafu. Hapa hela inaingia kweli, ila angalia inaingia wapi, inaenda kwenye takataka.

Kutu sasa, na hili shem alinisomesha mimi badala ya mimi kumsomesha yeye. Ndege zimewekwa Tucson sababu ya hewa. Mvua yetu kwa mwaka haifiki milimita 300, Mwanza inapita 1,000, na ardhi hapa ni ngumu kiasi kwamba unaegesha ndege la tani 80 kwenye udongo bila zege na halizami. Hamna chumvi. Chukua ndege hiyo hiyo uiweke Dar pale karibu na feri utaona, au Florida ambako makumbusho mengi yako pwani na wanalia kila siku. Ila jangwa lina ushuru wake. Jua linaua mpira, linapasua matairi, linafanya vioo kuwa na ukungu na nyufa ndogo ndogo, rangi nyekundu inakuwa pinki. Mwezi wa saba mpaka wa tisa kuna dhoruba za upepo na mvua za ghafla, ndege isiyo na injini ni nyepesi kuliko ilivyoundwa, lazima ifungwe chini kwa minyororo isije ikageuka. Na maji ya hizo mvua chache yakipata tundu yanaingia hayatoki.

Alumini ya ndege sio ya sufuria. Imechanganywa na shaba au zinki ili iwe na nguvu, na huo mchanganyiko ndo unaileta tabu, inaoza kutoka ndani, inatengana matabaka kama chapati ya kusukuma, juu unaona rangi nzima kabisa chini ni unga mweupe. Popote bolti ya chuma inapogusana na alumini na kukawa na unyevu panakuwa kama betri, alumini ndo inaliwa. Sehemu nyingine ni magnesiamu, B-36 ilijaa magnesiamu kwa ajili ya wepesi, na magnesiamu ni mbaya zaidi ikianza kuoza na ikishika moto usiimwagie maji. SR-71 ndo imepona kwenye hili maana ni titani karibu yote, titani haina habari na kutu, lakini sasa jaribu kutoboa tundu kwenye titani na drili ya kawaida.

Alafu ndege wenyewe. Namaanisha ndege wenye manyoya. Ndani ya mkia kuna viota, kinyesi chao ni kama tindikali kinakula alumini, kwenye mashimo ya injini wanakaa nyuki, panya wanakula nyaya, na kwetu hapa nyoka ni wa kawaida, nimewahi kuambiwa na mzee mmoja wa kujitolea kwamba kifaa chake cha kwanza kila asubuhi ni ufagio wenye mpini mrefu. Kwahiyo unapoona ile ndege imezibwa kila tundu kwa plaiwudi na wavu, usidhani imetelekezwa, hiyo tayari imeshughulikiwa, hiyo ndo hatua ya kwanza na pengine ndo muhimu kuliko rangi. Makumbusho yenye akili inaanza kuzuia uozo kwenye ndege 30 kabla haijaanza kung'arisha moja. Ni kazi isiyopigwa picha.

Bado hatujafika kwenye foleni. Mfano ninaoupenda sio jeti, ni Enola Gay, ile ya panga iliyodondosha bomu Hiroshima mwaka 1945, naitaja kwa sababu inaonyesha foleni inavyokuwa hata kwa ndege ambayo kila mtu duniani anaijua. Ilipita hapa hapa Davis-Monthan kuhifadhiwa. Taasisi ya Smithsonian, ile yenye makumbusho ya taifa Washington, ilikabidhiwa mwaka 1949. Kuanzia 1953 ilikaa nje kwenye kambi ya Andrews karibu na Washington, inanyeshewa, watu wanaingia wanachomoa vitu vya kumbukumbu, mpaka 1960 ndo ikafunguliwa ikapelekwa stoo. Kutengenezwa kulianza 1984. Ikaonekana nzima, imeunganishwa yote, mwaka 2003. Hesabu mwenyewe, miaka 54 kutoka kupokelewa, na kazi ya mikono inatajwa kuwa saa kama 300,000. Kwa nini 2003? Kwa sababu mwaka huo ndo walifungua jengo la kutosha kuiweka, lile la karibu na uwanja wa Dulles. Ukimaliza kuitengeneza na huna paa unaanza kuiharibu siku hiyo hiyo unayoitoa nje, rangi mpya na jua la Tucson ni miaka michache tu unarudi kule kule. Kwahiyo mkurugenzi mwenye busara anasema hii ingoje kwanza banda lipatikane, na wageni wanamwona mvivu.

Kuna wakati kungoja kunageuka kuwa uamuzi wenyewe. Smithsonian hao hao wana jeti moja ya Wajerumani, Horten Ho 229, bawa tupu lisilo na mkia, la plaiwudi na gundi, wanajeshi wa Marekani waliikuta Aprili 1945 haijamalizika. Ni nambari tatu ya mfululizo, ya pili ilikuwa imesharuka ikaanguka ikaua rubani wa majaribio Februari ya mwaka huo. Hii ya tatu haijawahi kuruka. Miaka na miaka ilikaa stoo Maryland, plaiwudi inabanduka, mashabiki wakilalamika lini mtaitengeneza. Wataalamu walipokuja kuichunguza wakaona kwamba wakiitengeneza kwa maana ya kuifanya mpya, wanatupa zile mbao halisi na gundi halisi, wanabaki na ndege ya 2010 na kitu yenye jina la 1945. Wakachagua kuishikiza tu, vinavyobanduka vinabandikwa, uchafu unatolewa, rangi ya zamani inabaki na makovu yake. Mimi nawaunga mkono. Shem hakuniunga. Kwake yeye kazi isiyong'aa mteja harudi.

Na wale wanaotaka iruke? Hapo ni dunia nyingine kabisa, na Waingereza walishaijaribu kwa ukubwa wa kutosha na Vulcan XH558, lile dege la kudondosha mabomu lenye mbawa za pembetatu lililoruka mara ya kwanza mwaka 1960. Jeshi lao liliistaafisha 1993 ikauzwa kwa familia moja ikakaa uwanja wa Bruntingthorpe. Watu wakachangishana, mfuko wa bahati nasibu ya taifa ukatoa pauni milioni 2.7, na tarehe 18 Oktoba 2007 ikapaa tena. Nilikuwa sijui kabisa habari za ndege enzi hizo ila video yake nimeirudia mara nyingi, ule mlio wa injini zake nne unakupanda mgongoni. Lakini kila mwaka wa kuirusha ulitaka karibu pauni milioni 2, na sio hela tu, kwa sheria za Uingereza ndege ngumu kama ile inahitaji kampuni zilizoiunda ziweke sahihi kwamba bado ni salama. Mwaka 2012 injini mbili zikafa kwa wakati mmoja kisa vifuko vya kukausha unyevu, vile vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vikiwa vikubwa zaidi, vilisahaulika kwenye njia ya hewa, injini ya kwanza ikameza, jirani yake ikameza mabaki. Injini za aina ile hazitengenezwi tena. Kampuni zikasema wafanyakazi wanaoijua wamezeeka na kustaafu, hatuwezi kuendelea kuweka sahihi, na tarehe 28 Oktoba 2015 ikaruka ya mwisho. Ikabaki Doncaster ikiwasha injini kwa maonyesho ya kutembea ardhini. Uwanja wa Doncaster nao ukafungwa mwishoni mwa 2022. Kwahiyo ndege iliyokusanyiwa mamilioni, iliyopendwa kuliko zote, nayo ikarudi kwenye mstari ule ule wa kuuliza nitakaa wapi na nani ananitunza.

Ndo maana makumbusho mengi yanachagua kutengeneza ya kusimama tu, na ya kusimama nayo ina ujanja wake. Nyama ya ndani haijazwi, mashimo ya injini yanafunikwa vifuniko vyekundu, tairi zinajazwa povu au ndege inawekwa kwenye stendi ili uzito usiwe kwenye mpira, sehemu zisizopatikana zinachongwa kwa fibaglasi. Puti ipo pia, shem alifurahi kusikia. Nguvu kazi ni wastaafu, wengi wao waliwahi kuzihudumia ndege hizo hizo wakiwa na miaka 20, sasa wana 75, wanakuja siku mbili tatu kwa wiki na kiangazi wanaanza alfajiri kwa sababu saa tano asubuhi bati halishikiki. Foleni ya ndege inarefuka na foleni ya mafundi inafupika. Wakimbizi wa Kongo na Burundi tuko nao wengi hapa mjini, wengine ni mafundi wazuri tu wa vyuma, nimekuwa nikisema siku moja mtu awaunganishe, ila wana kazi mbili mbili, nani atakuja kujitolea.

Siku ile tulikaa mpaka karibu na kufunga. Karibu na uzio kulikuwa na mzee mmoja amevaa kofia pana anapita kwenye bawa la jeti moja iliyovuliwa rangi, ana sarafu mkononi anagonga, anasogea inchi, anagonga. Nikamwelezea shem kwamba sehemu nyingine za bawa ni karatasi mbili za alumini zilizogundishwa na kitu kama sega la nyuki katikati, gundi ikiachia ndani huoni chochote, ila mlio unabadilika. Shem hakusubiri nimalize. Akamwonyesha mzee ishara ya kuomba, mzee akamfungulia geti dogo, mimi nikabaki nje na mikoba. Akatoa mfukoni sarafu ya mia mbili, ya kwetu, akaanza kugonga upande wake kichwa kakiinamisha kama anasikiliza mlango wa jirani. Tii, tii, tii, tii, tu. Akarudi nyuma. Tu. Akageuka akaniita kwa sauti ya gerejini, "Shem, mwambie hapa pameoza, kama kiganja hivi." Sikuhitaji kutafsiri, mzee alikuwa ameshachukua chaki anachora duara.